Mikataba ya hiari ya fedha za kigeni: kwa nini wauzaji hutaja mtikisiko badala ya bei

Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa vipuri wa Gerezani anayeagiza shehena kutoka Guangzhou au Dubai hulipa sehemu ya fedha anapotoa oda na kumalizia mzigo unapopakiwa na hati ya shehena kutolewa. Kati ya malipo hayo mawili hupita majuma kadhaa, wakati mwingine miezi. Hati ya madai imeandikwa kwa dola za Marekani. Wateja wake wa Kariakoo, Mbagala na mikoani humlipa kwa shilingi. Thamani ya shilingi ikibadilika katika kipindi hicho, faida yake hubadilika hata kama hakuna alichokosea dukani.

Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotangazwa mwishoni mwa Machi mwaka huo, zilipiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Kanuni hizo zinahusu miamala ya ndani. Mwagizaji bado humlipa muuzaji wa nje kwa dola. Kwa hiyo duka lililokuwa limezoea kumtajia mteja bei ya jumla kwa dola haliwezi tena kumsukumia mteja huyo mabadiliko ya thamani ya shilingi. Hatari hiyo sasa hukaa kwa mwagizaji, naye ndiye anayepaswa kutafuta namna ya kujikinga.

Kinga zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza ni mkataba wa ununuzi wa mbele: benki na mteja hukubaliana leo bei ya dola itakayolipwa baada ya miezi kadhaa, na pande zote mbili hufungwa na makubaliano hayo. Ya pili ni mkataba wa hiari, ambao katika masoko ya nje hujulikana kama opsheni. Katika mkataba huu mteja hulipa ada mapema na kupata haki ya kununua dola kwa bei iliyokubaliwa, bila kulazimika kuitumia haki hiyo. Dola ikipanda, huitumia. Ikishuka, huiacha na kununua kwa bei ya siku, na hasara yake huishia kwenye ada aliyolipa. Kwa benki za biashara nchini mkataba wa ununuzi wa mbele ndio uliozoeleka zaidi. Mkataba wa hiari, pale unapopatikana, hufungwa kwa makubaliano ya moja kwa moja kati ya benki na mteja.

Tofauti ya kinga hizo ilionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2024. Dola moja, iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 2,330 mwanzoni mwa mwaka 2023, ilikuwa imepanda hadi kupita shilingi 2,700 ilipofika Oktoba 2024. Ndani ya muda mfupi mwelekeo uligeuka, na Desemba 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,400. Nchi nzima ilinufaika, lakini mwagizaji aliyekuwa amenunua dola zake Oktoba alijikuta akishindana dukani na jirani aliyenunua Desemba.

Hesabu ya mfano inaonyesha ukubwa wa jambo hilo. Hati ya madai ya dola 50,000 kwa bei ya shilingi 2,700 ni shilingi 135,000,000. Kwa bei ya shilingi 2,400 ni shilingi 120,000,000. Aliyejifunga Oktoba kwa mkataba wa ununuzi wa mbele wa bei ya shilingi 2,700 angelipa shilingi 135,000,000 hata dola iliposhuka. Mwenye mkataba wa hiari wa miezi miwili kwa bei hiyo hiyo, aliyelipa ada ya shilingi 35 kwa kila dola, angeacha haki yake, akanunua kwa shilingi 2,400, na pamoja na ada gharama yake ingekuwa shilingi 121,750,000. Kama dola ingepanda hadi shilingi 2,850, asiye na kinga angelipa shilingi 142,500,000, mwenye mkataba wa mbele 135,000,000, na mwenye hiari 136,750,000. Hesabu hizi hazikujumuisha tofauti ya riba kati ya shilingi na dola, ambayo benki huiingiza katika bei ya mbele.

Swali linalobaki ni la ada yenyewe. Shilingi 35 kwa dola ni ghali au ni rahisi? Mnunuzi hawezi kujibu kwa kuitazama namba hiyo peke yake, na hapo ndipo desturi ya wauzaji wa kimataifa inapopata maana: wanapouziana mikataba ya hiari ya fedha, hawatajiani shilingi wala dola za ada, bali hutajiana asilimia ya mtikisiko wa bei.

Kiwango badala ya fedha

Mwenye gari anaelewa jambo hili kuliko anavyodhani. Anapokwenda kukata bima kubwa, wakala hamtajii kwanza fedha. Humtajia asilimia ya thamani ya gari. Ada ya shilingi 700,000 haina maana mpaka ijulikane kama ni ya gari la milioni 10 au la milioni 40, na kama ni ya miezi sita au ya mwaka. Asilimia ndiyo inayowezesha kulinganisha kampuni moja na nyingine.

Ada ya mkataba wa hiari nayo imechanganya mambo mengi: bei ya dola ya leo, bei iliyokubaliwa katika mkataba, muda uliobaki, riba ya shilingi na riba ya dola. Yote haya huonekana. Yapo kwenye ubao wa benki au kwenye mkataba wenyewe. Kuna moja tu lisiloonekana, nalo ni kiasi ambacho bei itayumba kuanzia leo hadi mwisho wa mkataba. Hilo huitwa mtikisiko, na hupimwa kwa asilimia kwa mwaka.

Mwaka 1973 wanauchumi Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukokotoa ada ya hiari kutokana na mambo hayo, huku Robert Merton akiikuza nadharia hiyo kwa kazi yake mwenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 26 Aprili, soko la kwanza rasmi la mikataba ya hiari ya hisa lilifunguliwa Chicago. Mark Garman na Steven Kohlhagen waliirekebisha kanuni hiyo mwaka 1983 ili itumike kwa fedha za kigeni, ambako kuna riba mbili badala ya moja. Scholes na Merton walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997. Black alikuwa amefariki dunia mwaka 1995.

Wauzaji hawakuchelewa kuipindua kanuni hiyo. Badala ya kukisia mtikisiko ili wapate ada, waliichukua ada inayolipwa sokoni na kuuliza: ili ada hii iwe sahihi, soko linaamini bei itayumba kwa asilimia ngapi? Jibu lake ndilo mtikisiko unaodokezwa na bei. Haupimi yaliyopita. Ni kiwango ambacho mnunuzi na muuzaji wamekubaliana, wajue wasijue, pale fedha zinapobadilishana mikono.

Kwa mkataba ambao bei yake inalingana na bei ya mbele ya siku ya malipo, kuna njia ya mkato inayotoa jibu la karibu sana: ada ni sawa na 0.4 mara bei ya dola, mara mtikisiko, mara kipeuo cha pili cha muda kwa miaka. Dola ikiwa shilingi 2,600 na mkataba ni wa miezi mitatu, kipeuo cha pili cha robo mwaka ni 0.5. Mtikisiko wa asilimia 5 unatoa ada ya shilingi 26 kwa dola; wa asilimia 10, shilingi 52; wa asilimia 15, shilingi 78.

Chukua sasa mwagizaji aliyepewa ofa mbili. Benki ya kwanza inamtaka shilingi 45 kwa kinga ya miezi tisa. Ya pili inamtaka shilingi 39 kwa kinga ya miezi mitatu. Kwa macho, ya pili ni nafuu. Lakini kipeuo cha pili cha miezi tisa ni karibu 0.87, na ada ya shilingi 45 inadokeza mtikisiko wa asilimia 5 tu. Shilingi 39 kwa miezi mitatu zinadokeza asilimia 7.5. Benki ya pili inauza wasiwasi ule ule kwa bei ya mara moja na nusu. Mwagizaji anayehitaji miezi mitatu tu hatanunua tisa kwa sababu hiyo, lakini anayo hoja ya kurudi nayo mezani: kwa kiwango cha benki ya kwanza, kinga ya miezi mitatu ingepaswa kuwa shilingi 26.

Muuzaji anauza nini hasa

Wapo wanaodhani kwamba benki inayouza hiari ya kununua dola inabashiri kuwa dola haitapanda. Benki yenye utaratibu mzuri haibashiri hivyo, na maelezo yake ndiyo yanayofafanua kwa nini mtikisiko, si mwelekeo, ndio bidhaa inayouzwa.

Ikishauza hiari ya dola 50,000, benki hununua mara moja sehemu ya dola hizo, kwa kawaida karibu nusu, ili dola ikipanda isikutwe mikono mitupu. Dola ikipanda kidogo, uwezekano wa mteja kutumia haki yake huongezeka, nayo benki hulazimika kuongeza dola ilizonazo, yaani kununua zaidi wakati bei imepanda. Dola ikishuka, uwezekano hupungua, nayo benki huuza baadhi wakati bei imeshuka. Ni biashara ambayo hakuna mwenye duka wa Gerezani angeitamani: kununua kwa ghali na kuuza kwa hasara, tena na tena. Kila bei inapoyumba kwenda juu na kurudi chini, benki hupoteza kiasi kidogo, hata kama mwisho wa safari dola iko pale pale ilipoanzia.

Ada ndiyo inayofidia hasara hizo ndogo ndogo. Bei ikiyumba kidogo kuliko kiwango kilichodokezwa, benki hubaki na faida. Ikiyumba zaidi, hupata hasara. Mwelekeo wa mwisho, juu au chini, hauamui matokeo. Ndiyo sababu madalali wa London au Singapore hukubaliana kwanza asilimia ya mtikisiko, kisha hutazama bei ya fedha ya dakika hiyo na kukokotoa ada kwa mashine. Ada iliyotajwa kwa fedha huchakaa bei inaposogea hata kidogo. Asilimia ya mtikisiko inaweza kusimama asubuhi nzima.

Kipimo kinachofahamika zaidi duniani cha aina hii ni faharasa ya VIX, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kukokotolewa kutokana na hiari za hisa za Marekani. Tarehe 16 Machi 2020, hofu ya UVIKO-19 ilipotanda, ilifunga siku ikiwa 82.69, kiwango ambacho haikuwahi kufunga nacho kabla ya hapo. Shilingi haina faharasa ya namna hiyo. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, halina ubao wa hiari, na katika soko la fedha za kigeni baina ya benki, lililoanzishwa mwaka 1994, biashara kubwa ni ya fedha zenyewe. Jirani Kenya ilifungua soko lake la mikataba ya aina hii Nairobi mwaka 2019, lakini lilianza na mikataba ya bei za mbele.

Kahawa ilitangulia

Watanzania walikwisha kununua hiari kabla suala la dola halijafika hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa majaribio ulioratibiwa na Benki ya Dunia, vyama vya ushirika wa kahawa, kikiwamo KNCU cha Kilimanjaro, vilinunua haki ya kuuza kwa bei ya chini kabisa iliyokubaliwa, ili malipo ya awali kwa mkulima yasigeuke deni la chama bei inaposhuka. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni: mwaka 2001 bei ya kahawa ya arabika New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili.

Kikwazo kilikuwa ada. Mtikisiko wa kahawa ni mkubwa mno ukilinganishwa na wa shilingi. Kwa mtikisiko wa asilimia 40, kinga ya miezi sita ya kahawa ya senti 60 hugharimu karibu senti 7, zaidi ya asilimia 11 ya bei yote. Kinga ya dola ya miezi mitatu kwa mtikisiko wa asilimia 5 hugharimu asilimia 1 ya thamani. Anayelinganisha ada hizo kwa fedha atasema ushirika ulipunjwa. Anayelinganisha mtikisiko ataona kuwa kahawa ndivyo ilivyo. Baridi kali ya Brazili ya mwaka 1994 na ya 2021 iliipandisha ghafla, na Februari 2025 ilipita dola 4 kwa ratili.

Mipaka ya kipimo

Mtikisiko wa asilimia 8 kwa mwaka unamaanisha kwamba ndani ya miezi miwili mwendo wa kawaida wa dola ya shilingi 2,700 ni takriban shilingi 88, juu au chini, na kwamba mara mbili kati ya tatu bei itabaki ndani ya mipaka hiyo. Kushuka kwa shilingi 300 mwishoni mwa 2024 kulikuwa zaidi ya mara tatu ya mwendo huo. Aliyepima kwa utulivu wa miezi iliyotangulia angeona jambo hilo kuwa karibu haliwezekani.

Sababu mojawapo ni kwamba mtikisiko hupima bei, haupimi upatikanaji. Wakati wa upungufu wa fedha za kigeni wa mwaka 2023, waagizaji wengi walisumbuka kupata dola zaidi ya walivyosumbuliwa na mabadiliko ya kila siku ya bei ya ubaoni. Bei iliyotulia na foleni ndefu vinaweza kwenda pamoja. Kanuni ya mwaka 1973 inachukulia kwamba mtu anaweza kununua na kuuza wakati wowote. Pale lisipokuwapo hilo, benki inayouza hiari haiwezi kujikinga kwa njia iliyoelezwa hapo juu, na itadai ada kubwa zaidi au itakataa kuuza. Kukataa huko nako ni taarifa.

Aidha, jina opsheni linatumika vibaya. Matangazo ya simu yanayomwalika kijana wa Kariakoo kubashiri kama bei itapanda au kushuka ndani ya dakika moja, apate kiasi fulani au apoteze chote, hayauzi kinga yoyote. Ada yake haikokotolewi kwa mtikisiko unaoweza kulinganishwa. Mamlaka ya Ulaya ya masoko ya dhamana ilizuia kuziuza bidhaa hizo kwa wananchi wa kawaida kuanzia Julai 2018, na Uingereza ikazipiga marufuku ya kudumu mwaka 2019. Nchini, leseni za madalali wa dhamana hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na za benki na maduka ya kubadilishia fedha hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Mwananchi anaweza kuuliza huko kabla ya kutuma fedha.

Kujipimia

Mwagizaji aliyepewa ada kwa shilingi anaweza kuigeuza kuwa mtikisiko kwa kikokotoo cha simu. Agawe ada kwa bei ya dola, kisha kwa 0.4, kisha kwa kipeuo cha pili cha muda. Shilingi 39 gawanya kwa 2,600 ni 0.015, gawanya kwa 0.4 ni 0.0375, gawanya kwa 0.5 ni 0.075, yaani asilimia 7.5. Njia hii inafaa pale tu bei ya mkataba inapokaribiana na bei ya mbele. Ikiwa ziko mbali, aiombe benki yenyewe itaje asilimia iliyotumia.

Kwa upande wa pili wa ulinganisho, Benki Kuu huchapisha viwango vya kubadilisha fedha kila siku ya kazi. Viwango vya siku 21 vinatoa mabadiliko 20 ya asilimia. Kila badiliko lizidishwe kwa lenyewe, yajumlishwe yote, jumla igawanywe kwa 20, na kipeuo cha pili cha jibu hilo kizidishwe kwa 16, ambacho ni takriban kipeuo cha pili cha siku za kazi za mwaka. Kwa hesabu ya haraka zaidi, dola ya shilingi 2,600 ambayo kwa kawaida husogea shilingi 13 kwa siku ina mtikisiko wa asilimia 8. Mwagizaji akipata asilimia 6 kwa siku zilizopita na benki ikimdai ada inayodokeza 9, pointi hizo tatu ni malipo ya faida ya benki na ya yale ambayo viwango vya mwezi uliopita haviwezi kuonyesha. Kwa dola 50,000 na miezi mitatu, pointi hizo tatu ni shilingi 780,000.